Kaburi Zuri, Sijui la Nani

Saa moja asubuhi jua lilikuwa limeshamkalia Gwangsik shingoni, na hata kazi hajaanza. Kwenye kalenda ya jikoni kwa shangazi yake ilikuwa vuli. Walikuwa wamechora majani mekundu, mwezi mpevu na sungura wawili wanatwanga mchele, na tarehe ya Chuseok, sikukuu ya mavuno, shangazi alikuwa ameizungushia kalamu nyekundu. Siku kumi zimebaki. Nje nyenje walikuwa wanapiga kelele zile zile za Julai, na mbwa wa jirani amejilaza ndani ya mfereji kama marehemu.

"Leo nyuzi thelathini na tano," Shangazi Malsun alisema, anamfunga taulo shingoni. "Redio imesema wazee wasitoke nje."

"Basi wewe baki."

"Nani mzee hapa? Tangulia na mashine, mimi nakuja na chakula. Na hayo maji uyanywe yote. Usije ukaniangukia huko juu, sina mgongo wa kukubeba."

Gwangsik alijitwika mashine ya kufyekea begani, akachukua kidumu cha petroli, mundu, kinoo, dawa ya nyigu, chupa ya pombe ya mchele na chupa tatu za maji yaliyogandishwa, akashika njia ya kilimani kupitia mashamba ya vitunguu saumu. Alikuwa na miaka ishirini na nne na siku zote alitembea kama mtu anayekimbia mvua.

Kila mwaka kabla ya Chuseok ukoo wa Pyo hupanda kufyeka kaburi la Bibi. Babu amelala mbali, kwenye makaburi ya wanajeshi, kila mtu na jiwe lake mistari mistari. Bibi alipata nafasi kule akakataa. Alisema hajawahi kupanga foleni na wanajeshi na hataanza akiwa amekufa. Akachagua mahali pake mwenyewe, juu ya shamba lake, ili aone nani anachelewa kuamka. Kila mwaka aliyekuwa anafyeka ni baba yake Gwangsik. Mwaka huu baba yake alikuwa amepasuliwa mgongo, yuko Daegu amelala kifudifudi, anatazama televisheni kwa jicho moja.

Ndipo Alhamisi baba mkubwa akapiga simu. Shangazi Malsun aliiweka simu mezani, sauti juu, huku mikono yake iko kwenye unga, na Gwangsik akayasikia yote.

"Sisemi kwa ubaya, Malsun," baba mkubwa Jongtae alisema. "Mgongo wa mdogo wangu ndiyo huo umekwisha. Mimi nina miaka sitini na nane. Wanangu mmoja yuko Seoul, mmoja yuko Kanada. Nani atafyeka?"

"Gwangsik yupo hapa."

"Gwangsik. Huyo amewahi kumaliza nini? Shule hakumaliza. Ufundi pikipiki miezi minne. Kuoka mikate miezi miwili. Jeshi alimaliza kwa sababu geti lilikuwa limefungwa."

Shangazi alimtazama Gwangsik. Gwangsik akajifanya anatafuta chumvi.

"Mwaka kesho una mwezi wa nyongeza," baba mkubwa aliendelea. Mwezi ule wa kumi na tatu, unaoongezwa kila baada ya miaka michache, kila mtu anaujua, ndio watu wanahamishia makaburi, kwa sababu mizimu haiuhesabu na haina la kusema. "Nimeshaona jengo zuri mjini la kuwekea majivu. Safi, lina lifti. Mama atakaa kwenye kiyoyozi."

"Mama alikuwa hapendi hata feni."

"Nakuja Jumapili saa sita mchana. Nikikuta kaburi limefyekwa kama inavyotakiwa, nafunga mdomo wangu. Nikikuta pori, mwezi wa nyongeza Mama anahama. Nimemaliza."

Jumapili yenyewe ndiyo hii. Wazazi wake walipokuwa wanahangaika na kiwanda mjini, Bibi ndiye aliyemlea, toka ana miaka mitatu mpaka kumi na mbili. Alimbeba mgongoni kwenye palizi hadi miguu yake ikaanza kuburuta chini. Wazo la kumchukua mtu yule, kumchoma, kumsaga na kumweka kwenye kabati lenye namba, lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kilimani mvua za kiangazi zilikuwa zimefanya fujo. Udongo umeporomoka, njia ya zamani haionekani, na nyasi zimefika kifuani. Mahali alipopachagua Bibi alikuwa amemwonyesha mwenyewe, zamani walipokuwa wanakwenda kuokota uyoga: fuata njia mpaka kwenye msonobari uliopinda, kata kulia, hesabu hatua sitini. Gwangsik akauona msonobari umepinda, akakata kulia, akahesabu hatua sitini, na kweli, mbele yake lilikuwepo tuta la duara, limezama kwenye magugu ya kutambaa. Halina jiwe lenye jina. Bibi naye hakuwa na jiwe. Watu wa kijiji kile walikuwa maskini, waliweka udongo na nyasi, majina wakayaweka kichwani.

Alipiga dawa ya nyigu kwanza, akangoja, akawasha mashine.

Kazi ile ina utaratibu wake. Unaanza chini, unapanda kuzunguka, unasafisha uwanja wote mpaka miti inapoanzia. Mashine ni ya uwanja tu. Kwenye tuta lenyewe unashika mundu, kwa sababu, baba yake alivyokuwa anasema, mtu mzima hanyolewi kwa injini. Unaanzia miguuni, unamalizia kichwani, hukanyagi juu. Nyasi unaziacha urefu wa vidole viwili, sawasawa, ili ukipitisha kiganja usisikie kilima wala bonde.

Jasho lilimwingia machoni, likamwingia kwenye viatu. Mara mbili alitapika maji. Kuna wakati alikaa chini akajisikia kusema basi, hii inatosha, kwa mbali haionekani. Kila kazi aliyowahi kuiacha aliiacha hapo, kwenye dakika ile ile, alikuwa anaijua kama mtu anavyojua kona ya mtaa wake. Akasema, hapana, Bibi, leo utaniona. Akainuka, akanoa mundu, akaendelea.

Saa nne kasoro alimaliza. Alirudi nyuma hatua kumi akatazama. Tuta lilikuwa limekaa kama bakuli lililofunikwa, kijani kibichi, duara bila kasoro, na uwanja wake umefagiliwa kwa matawi. Harufu ya nyasi zilizokatwa ilijaa kila mahali, harufu ya vuli hasa, hata kama jua lilikuwa linachoma kama pasi. Alitaka kumpigia mtu simu. Akamimina pombe ya mchele mara tatu kuzunguka kaburi, akainama mara mbili mpaka paji la uso likagusa udongo, halafu akalala pale pale kwenye nyasi, akaanza kusema na Bibi. Alimwambia yote. Kwamba kwenye mikate hakuacha, alifukuzwa. Kwamba kuna msichana anaitwa Yeowol, anakatisha tiketi kituo cha basi, na yeye hununua tiketi za kwenda mahali ambapo hana safari. Kwamba anaogopa mgongo wa baba hautapona.

Shangazi Malsun alitokea kwenye magugu, kapu kichwani, anahema. Alikuwa na miaka sitini na moja, mfupi, mikono kama ya fundi mawe, kofia yake ya shambani imemfunika mpaka mabegani. Aliweka kapu chini. Alizunguka kaburi polepole, akapitisha kiganja juu ya nyasi, akaangalia ukingo, akaangalia uwanja.

"Kaburi zuri," alisema. "Miaka yote sijaona lililofyekwa hivi. Hata baba yako hafikii."

Gwangsik alijikuta anatabasamu kama mjinga.

"Sasa niambie," shangazi alisema. "La nani?"

"La nani vipi? La Bibi."

"Bibi yuko kule chini, nyuma ya ile mianzi. Anaangalia shamba. Hapa unaona shamba?"

Gwangsik aligeuka. Hakukuwa na shamba. Kulikuwa na miti, na zaidi ya miti kulikuwa na miti mingine.

"Msonobari uliopinda," alisema.

"Ule mvua imeuangusha Julai. Huu umepinda juzi juzi."

Walitazamana. Halafu Shangazi Malsun akaanza kucheka. Alicheka kwanza kwa mdomo uliofungwa, mabega yanatikisika, halafu akakaa chini kabisa akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kofia.

"Shangazi, acha. Saa ngapi?"

"Saa nne na robo."

Gwangsik alishanyanyua mashine.

Bibi alikuwa nyuma ya mianzi kweli, na hali yake ilikuwa mbaya. Magugu yalikuwa yamemfunika kama blanketi. Mashine ilifyeka hatua sita za uwanja, ikakohoa, ikazima. Petroli yote ilikuwa imeishia kwa mtu asiyemjua. Ikabaki miundu miwili, wake na wa shangazi.

Hapo ndipo Gwangsik alipoona shangazi yake ni nani. Alikuwa amekula wali wake maisha yake yote na hakuwahi kumtazama akikata. Hakutumia nguvu. Mkono wa kushoto unakusanya nyasi kama mtu anayeshika nywele za mtoto, mundu unapita chini mara moja, ssh, na nyasi zinalala upande mmoja zote. Hatua, ssh. Hatua, ssh. Hakuinuka kunyoosha mgongo, hakukata mahali pale pale mara mbili. Gwangsik mwenye nguvu zake alikuwa anapiga piga kama anaua nyoka, na nyuma yake palibaki visiki. Akaanza kumwiga. Baada ya nusu saa mkono wake nao ulianza kusema ssh, si kila mara.

"Ulijifunza wapi?" alimuuliza.

"Kwa huyu huyu tunayemfyekea. Wanaume walikuwa wanapanda kufyeka makaburi, sisi tunaachwa jikoni na vikate vya mchele. Mama akanichukua shambani, akasema, jifunze, siku moja wanaume watachoka."

Lakini wawili ni wawili. Saa sita kamili uwanja ulikuwa nusu, na tuta limenyolewa upande mmoja tu, kama mtu aliyekatishwa kwa kinyozi umeme ulipokatika. Ndipo wakasikia feni.

Baba mkubwa Jongtae alikuja na viatu vyeupe, kofia nyeupe, na shingoni amevaa kile kifeni kidogo cha betri ambacho siku hizi wazee wa mjini hawatoki bila kuwa nacho. Kilikuwa kinalia kama mbu. Alisimama kwenye kivuli cha mwanzi, akatazama kaburi, akatazama saa. Hakugomba. Angegomba ingekuwa nafuu.

"Haya," alisema. "Tumejaribu, imeshindikana. Si aibu."

"Nilimaliza," Gwangsik alisema. Midomo yake ilikuwa imepasuka. "Toka saa nne nilimaliza. Ila nilimaliza la mtu mwingine."

Baba mkubwa alimgeukia dada yake. "Unaona?"

"Kaka, ngoja saa mbili tu."

"Malsun. Leo amepotea njia, mwakani hatakuja, mwaka wa tatu wewe magoti hayakubebi. Tusubiri mpaka nguruwe wa porini wamfukue ndiyo tuseme ilikuwa joto? Mimi ni mtoto wake wa kwanza. Hili ni langu kuamua."

Ilikuwa kweli, lilikuwa lake. Gwangsik aliendelea kukata. Hakujua afanye nini kingine na mikono.

Sauti ikatoka juu. "Nani amefyeka la mama yangu?"

Wote walinyanyua vichwa. Mzee alikuwa anateremka kwa kushika miti, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha mwisho, begi mgongoni na mundu kiunoni. Alikuwa na miaka themanini, labda zaidi. Alifika, akasimama, akawatazama mmoja mmoja.

"Mimi, babu," Gwangsik alisema. "Naomba radhi. Nilidhani ni bibi yangu."

Mzee alishika mwanzi, akapumua. "Mimi naitwa Ma Chilbok, wa Andong," alisema. "Wanangu wamenikataza kutoka. Wameniambia, baba, joto litakuua, ngoja lipungue. Chuseok itangoja joto lipungue? Nimepanda basi la kwanza bila kuwaambia. Nilijiwekea siku mbili za kukata, nimebeba na mchele wa kupika. Nafika, namkuta mama amependeza hivyo, ameshakunywa na pombe." Alijifuta uso. "Nikafikiri nimepotea kaburi."

"Aliyepotea ni huyu," Shangazi Malsun alisema.

"Ulimwambia maneno?" mzee alimuuliza Gwangsik.

"Nilimwambia. Mengi."

"Usijali. Hakuwa mtu wa kusengenya."

Shangazi Malsun akageuza uso pembeni ili asicheke. Mzee Ma alitazama tuta lililonyolewa nusu.

"Na huyu ndiye bibi yako?"

"Ndiye."

"Umefyeka wangu, wako ukamwacha hivi."

"Ndiyo, babu."

Mzee aliweka begi chini. Alichomoa mundu, akatema mate kwenye jiwe, akanoa mara nne. Halafu akapiga magoti upande wa juu wa tuta, akaanza kukata.

"Mzee wangu, acha, jua kali hili," Shangazi Malsun alisema. "Keti kivulini, kuna maji ya baridi."

"Nitakunywa. Siwezi kupanda basi nimebeba kazi ya mtu mgongoni. Nilikuja kukata siku mbili, nguvu zake ninazo hapa."

Na alikuwa nazo. Ssh. Ssh. Watu watatu walikuwa wanakata, mmoja amesimama, na kifeni kinalia shingoni kwake.

Gwangsik alimtazama baba mkubwa kwa pembeni. Alikuwa amekodoa macho kwenye mikono ya yule mzee. Mtu baki wa miaka themanini amepiga magoti juani anamfyekea mama yake, na yeye, mtoto wa kwanza, yuko kivulini na viatu vyeupe. Uso wake ulibadilika rangi polepole, kuanzia masikioni.

Akazima kifeni. Akakivua, akakitundika kwenye mwanzi. Akavua na shati, akalikunja vizuri, maana hata akiwa na aibu alikuwa mtu wa kukunja, akabaki na fulana.

"Mzee," alisema. "Naomba usogee hapo."

"Kuna nini hapo?"

"Hapo ni kichwani. Kichwani nakata mimi."

Mzee Ma alimtazama, akasogea. Gwangsik akampa baba mkubwa mundu wake, yeye akaanza kusomba nyasi na kung'oa mizizi kwa mikono. Kipande cha kwanza baba mkubwa alikikata vibaya sana.

"Kaka, unakata kama karani," Shangazi Malsun alisema.

"Nyamaza."

"Nywele za Mama hizo, si karatasi."

"Malsun, nimesema nyamaza, nakumbuka."

Na alikumbuka. Baada ya muda mgongo wake ulijikunja ule mkunjo wa watu wa shamba, na mkono wa kushoto ukaanza kukusanya wenyewe. Hakuinuka mpaka mwisho.

Saa nane walimaliza. Halikuwa zuri kama lile la juu, lilikuwa na alama za mikono minne tofauti, lakini lilikuwa duara, na shamba la vitunguu saumu lilionekana lote mpaka barabarani. Wakapanga vitu mbele ya Bibi: matufaha ambayo mwaka huu joto limeyakataza kuwa mekundu, samaki mkavu, peasi moja kubwa, na vikate vya mchele vyenye ufuta ndani, vya kwanza vya mwaka, shangazi alikuwa amevivukisha juu ya majani ya msonobari. Baba mkubwa alimimina pombe. Waliinama mara mbili, na Mzee Ma akainama nao, nyuma kidogo.

Halafu wakala. Peasi ilikuwa baridi kwa sababu ya chupa ya barafu aliyoifungia shangazi kapuni, maji yake yaliwachuruzika mpaka viwikoni. Hewa haikutikisika hata jani moja. Nyenje walipiga kelele, jasho liliendelea kuwatoka wamekaa tu, na Mzee Ma akasema vikate vya mtu huyu vina ukingo mwembamba kuliko vyote alivyowahi kula, na Shangazi Malsun akamwongezea vitatu. Baba mkubwa hakusema habari ya jengo. Hakusema pia kwamba ameacha. Alikula na kutazama shamba.

Walipokuwa wanafungasha, Gwangsik alichukua kwenye kapu la shangazi ile kamba nyekundu ya kufungia vitunguu saumu, akaenda mpaka njia inapokata, kwenye mti ulio karibu na mianzi. Akaizungusha kwenye shina, usawa wa kiuno, akaanza kupiga fundo.

Baba mkubwa alikuwa nyuma yake, shati mkononi, viatu vyake vimekuwa vya kijani.

"Funga juu zaidi," alisema. "Mwakani nyasi zitafika hapo."

Gwangsik akaifungua, akanyoosha mikono, akaifunga juu ya kichwa chake.